Mafahali Wengi, Zizi Moja: Je, Gemu Iruhusu Modi Nyingi kwa Pamoja?

Hii ni hotuba niliyoitoa mbele ya watengenezaji wa gemu na watu wa modi, yaani nyongeza ambazo wachezaji hutengeneza wenyewe ili kubadilisha gemu. Waliokosa nafasi ya kufika wameniomba niiweke yote, nami nimeiacha kama nilivyoisema. Nimeondoa picha za kwenye skrini tu, ambazo hata siku ile hazikuwa na kazi kubwa.

Ndugu zangu watengenezaji, ndugu zangu wa modi, na ninyi wachezaji mliojazana kule nyuma, hamjambo?

Nimepewa swali moja: je, gemu ikubali modi nyingi za wachezaji zifanye kazi kwa wakati mmoja? Nilipolisoma nilitabasamu, kwa sababu limeulizwa kana kwamba mtengenezaji ndiye mwenye kuamua. Thubutu! Ukishatoa gemu, watu wakaipenda, wataipachika modi mbili, tatu, mia. Ukiwasaidia, watashukuru. Usipowasaidia, watajua wenyewe pa kupita. Kilichobaki mikononi mwako ni jambo moja tu: modi hizo zikigombana, nani atazipatanisha?

Shikeni swali hilo. Nani atazipatanisha?

Wahenga walisema mafahali wawili hawakai zizi moja, na wapo watengenezaji walioigeuza methali hiyo kuwa sheria ya ufundi. Tuanze na hao, maana hawakuwa wajinga.

Desemba 1993, id Software walitoa Doom. Ramani, picha na sauti zake hawakuzichanganya na injini, yaani programu inayoendesha gemu. Waliziweka pembeni kwenye faili la aina ya WAD. Ukitaka kuongeza chako, unatengeneza WAD yako na kuitaja wakati wa kuwasha gemu. Taja moja, taja tano, ni wewe tu. Zikigongana, tuseme zote mbili zimeleta ramani ya kwanza, inayotajwa mwisho ndiyo inayoshinda. Kanuni ya kibabe? Ndiyo. Lakini ilikuwa kanuni, na kila mtu aliijua.

Mwaka 1996 wakaja na Quake. Humo modi zilipata nguvu kubwa kuliko za Doom, kwa sababu sheria za mchezo wenyewe ziliandikwa kwa lugha yao ya QuakeC: silaha inaumiza kiasi gani, adui anamwona mchezaji akiwa wapi, mlango unafunguka lini. Sheria zote hizo zilikusanywa kwenye faili moja, progs.dat. Modi yako ilikuwa folda yenye progs.dat yake, na mchezaji alichagua folda moja. Anataka mbili? Atafute msimbo wa zote mbili, auchanganye kwa mkono, kisha atengeneze progs.dat ya tatu. Kwa maneno mengine, awe mtengenezaji wa modi kwanza ndipo awe mchezaji.

Je, tulipata hasara? Mimi nasema hatukupata, kwa wakati ule. Team Fortress ilizaliwa ndani ya Quake mwaka huohuo. Half-Life ya 1998 iliendeleza utaratibu wa modi kukaa kwenye folda yake, na 1999 tukapata Counter-Strike, ambayo Valve, wenye Half-Life, waliichukua na kuanza kuiuza mwaka 2000. Modi inayotaka kuwa gemu nyingine kabisa haina haja ya jirani. Kwa hiyo kama mmekuja hapa na ndoto ya kuzaa Counter-Strike nyingine, zizi la fahali mmoja linawatosha, na mnaweza kusinzia mpaka nimalize.

Lakini wachezaji wengi wanataka nini? Huyu anataka maandishi makubwa, macho yanamsumbua. Yule anataka mkoba unaobeba vitu vingi. Mwingine ameongeza samaki arobaini kwenye mto. Hakuna hata mmoja kati yao anayetaka gemu mpya. Wanataka gemu yenu hiihii, ila imekaa vizuri kwao. Na mtu mmoja anaweza kuyataka yote matatu. Sasa mwambie achague: kusoma au kuvua?

Twende kwenye gemu ambayo wengi wenu mmekulia ndani yake.

Minecraft ya siku za mwanzo haikuwa na mlango wa modi. Ulifungua faili kuu la gemu, ukatupia humo mafaili yako juu ya yale ya asili, ukaomba dua. Modi mbili zikigusa faili moja, ya pili inaifuta ya kwanza. Mwaka 2011 watu wa modi wenyewe wakaanza kujenga Forge, safu ya katikati ambayo modi zote zinapitia badala ya kila moja kuvunja ukuta kivyake. Angalieni nani alipatanisha hapo. Waliopatanisha ni wachezaji, kwa muda wao, bila mshahara.

Hata baada ya Forge, vita haikuisha, na chanzo chake kilikuwa kitu kidogo cha kuchekesha: namba. Kila aina ya tofali katika Minecraft ilikuwa na namba. Mwanzoni namba zote zilikuwa 256, na nyingi zilishachukuliwa na gemu yenyewe. Mwaka 2012 zikaongezwa hadi 4,096. Wewe umetengeneza mashine, ukaipa namba unayoipenda. Mwenzako, ambaye hata hamjuani, ameipa namba ileile taa yake. Mchezaji akiziweka pamoja, gemu inagoma kuwaka. Dawa yake? Fungua faili la mipangilio la kila modi, badilisha namba moja baada ya nyingine, huku karatasi iko pembeni ili usijisahau. Na ole wako ukibadilisha namba baada ya kuanza kujenga, kwa kuwa dunia yako ilihifadhi namba na haikuhifadhi jina. Unaingia kwenye jumba ulilolijenga, unakuta kuta zimekuwa kitu kingine kabisa.

Watoto wa shule, ndugu zangu, walikuwa wanafanya kazi ya msajili wa namba. Na waliifanya!

Kisha likaja suala la shaba. IndustrialCraft ilikuwa na shaba yake. Forestry nayo ilikuwa na shaba yake. Kwa macho ya kompyuta hizo ni shaba mbili zisizojuana: unachimba shaba ya modi moja, mashine ya modi nyingine inakwambia haiitambui. Forge wakaleta kamusi ya madini. Kila modi iliandikisha shaba yake chini ya jina moja la pamoja, na mwenye mashine akaandika kwamba anahitaji shaba, bila kuuliza ya nani. Vipande vyenyewe bado havikukaa rundo moja kwenye mkoba, na hilo liliudhi watu kwa miaka, lakini mashine zilikubali. Waandishi wasiowahi kusalimiana, kazi zao zikaanza kuuziana malighafi.

Niwaulize: nani kati yao aliipanga ndoa hiyo? Hakuna. Ndiyo raha ya modi nyingi kwa pamoja. Kinachotokea katikati yake hakimo katika modi yoyote peke yake. Gemu yenyewe ilipata shaba yake mwaka 2021, wakati wachezaji walishaichimba zamani hadi wakaichoka.

Na namba? Toleo la 1.13 la mwaka 2018 ndilo lililozizika moja kwa moja na kuweka majina: jina la mwenye kitu, nukta pacha, jina la kitu. Wawili hawawezi kugongana labda wajiite jina moja. Ni ufumbuzi ambao mtu angeweza kuuandika kwenye kiganja siku ya kwanza. Ulichukua miaka.

Sasa Skyrim, ya Novemba 2011. Bethesda walioitengeneza, tofauti na wengine, walikusudia tangu mwanzo kwamba modi zikae nyingi pamoja. Wanastahili sifa, nami nawapa. Kila kitu katika gemu ile, upanga, mlango, mtu, kina utambulisho wa tarakimu nane, na mbili za mwanzo zinaeleza kimetoka faili gani katika mpangilio wa kupakia, yaani foleni ambayo gemu huifuata kusoma modi. Tarakimu zenyewe ni za hesabu ya kumi na sita, kwa hiyo mbili zinatoa 16 mara 16, yaani nafasi 256. Nafasi ya mwisho imetengwa kwa vitu vinavyozaliwa wakati unacheza. Zinabaki 255, na humo gemu yenyewe ina fungu lake. Watu walifikia ukomo huo! Mtu ana modi mia mbili na hamsini na bado analia hazimtoshi. Baadaye kwenye Toleo Maalumu wakaruhusu aina nyepesi ya faili, inayogawana nafasi moja na wenzake hadi 4,096.

Lakini mpangilio wa kupakia una sheria ileile ya Doom: wa mwisho hushinda. Tena hashindi kwenye alichokigusa tu. Anashinda rekodi nzima, yaani maelezo yote ya kitu kile. Chukueni mhunzi mmoja wa kijijini. Modi ya kwanza imembadilisha uso. Modi ya pili haina habari na uso wake. Imemwongezea tu nyundo mkononi. Ya pili ikija mwisho, inaleta rekodi nzima ya mhunzi pamoja na uso wa zamani ilioukuta kwenye gemu ya asili. Halafu umbo la kichwa halimo kwenye rekodi ile, liko kwenye faili la pembeni, na faili hilo bado ni la modi ya kwanza. Matokeo yake wachezaji wa Skyrim mnayajua, naona mnaanza kucheka: mhunzi anasimama mbele yako mwili una rangi yake ya kawaida, kichwa kimekuwa cheusi kijivujivu kama kimeazimwa. Nyundo anayo. Na gemu haisemi neno. Haikwambii kwamba modi hizi mbili zimegombania mtu mmoja. Kwa upande wake kila kitu ni shwari.

Nani alipatanisha? Ni wachezaji tena. Waliandika LOOT ya kupanga mafaili, wakaandika xEdit ya kufungua rekodi mojamoja na kuona nani amemfunika nani, wakaandika Wrye Bash inayokusanya orodha zilizogongana na kuziunganisha kuwa moja. Kisha wakajaa watu wanaotengeneza modi ambazo kazi yake pekee ni kupatanisha modi nyingine mbili.

Nawaombeni mfikirie hesabu hii, ninyi mnaosema wachezaji watajitegemea. Ukiwa na modi kumi, jozi zinazoweza kugombana ni 45. Ukiwa na mia, ni 4,950. Hakuna mwandishi wa modi anayeweza kuzijaribu zote. Mchezaji gemu yake ikianguka, anatumia njia ya nusu: anazima hamsini, anawasha gemu, anaangalia. Kama mkosaji ni mmoja kati ya mia, atamnasa kwa kuwasha gemu kama mara saba, si mbaya. Lakini kama kosa ni la wawili wakikutana? Ukizigawa nusu kwa nusu, ukamtenga mmoja na mwenzake, kila nusu inaonekana haina hatia. Ukiziunganisha, gemu inaanguka. Hapo ndipo mtu anafuta kila kitu na kwenda kulala. Wengine hawarudi.

Basi, je, inawezekana gemu yenyewe ikaibeba kazi hii? Inawezekana. Mfano ninaoupenda ni Factorio, ya Wube Software wa Jamhuri ya Cheki, iliyofikia toleo la 1.0 Agosti 2020.

Kwenye Factorio, modi haileti faili la kufunika faili. Inaandika kwa lugha ya programu iitwayo Lua: ongeza mashine hii, na kwenye ile ya zamani badilisha kasi tu, mengine acha. Kisha gemu inapakia kwa raundi tatu. Raundi ya kwanza kila modi inaleta vitu vyake. Ya pili, kila modi inaona vilivyoletwa na wenzake na kurekebisha. Ya tatu ni ya marekebisho ya mwisho. Modi inatangaza mapema: bila fulani siwezi kufanya kazi, fulani akiwepo nitamtumia, asipokuwepo si neno, na fulani huyu sikai naye, msinilazimishe. Gemu inasoma matangazo hayo na kuweka mpangilio wenyewe. Mchezaji hana cha kupanga.

Na gemu ikishindwa kuwaka? Inafungua dirisha, inataja kitu kilichoharibika, inaorodhesha modi zilizokigusa kwa kufuatana, na kukupa kitufe cha kuizima modi inayoshukiwa. Jamani, orodha hiyo! Mtu mmoja wa Skyrim angeweza kulia kwa furaha. Ukiingia kwenye seva ya mwenzako, gemu inakagua kama modi zenu na matoleo yake yanalingana, na yasipolingana inajitolea kukuletea yale ya seva. Hapo ndipo pia hoja ya udanganyifu kwenye gemu za mtandaoni inapopungua uzito: mwenye seva ameamua kinachoruhusiwa, na wote wanacheza gemu moja. Kwenye mashindano ya fedha anaweza kuamua kusiwe na modi hata moja. Sina ugomvi na hilo.

Siyo lazima uanze hivyo siku ya kwanza. Stardew Valley ilitoka 2016 bila utaratibu rasmi wa modi, wachezaji wakajenga SMAPI ya kupakia modi, na Content Patcher, ambayo inabadilisha sehemu tu ya picha au data badala ya kufuta faili zima. Toleo la 1.6 la Machi 2024 likawakuta njiani: vitu vikaacha kutambuliwa kwa namba, vikapewa vitambulisho vya maneno. Mnaona? Majina tena.

Nasikia mnanong'ona huko kushoto. Tutazikwa na malalamiko ya gemu ambazo si sisi tuliozivunja! Hofu ya kweli. Ila angalieni ripoti ya Minecraft ikianguka: ina mstari unaoeleza kama gemu imeguswa na modi, na majibu yake yana madaraja, kuanzia pengine hapana, kupitia yaelekea sana, hadi bila shaka. Mstari mmoja tu, na mtu wa huduma anajua aanzie wapi. Gemu inayojifanya haina modi ndiyo inayoletewa malalamiko yasiyoeleweka.

Usalama nao nausema haraka, ingawa si mdogo. Juni 2023 programu hasidi iliyopewa jina fractureiser ilisambazwa ndani ya modi za Minecraft kupitia akaunti za CurseForge na Bukkit, tovuti za kupakua modi. Modi za Minecraft ya Java hufanya lolote ambalo programu yoyote hufanya kwenye kompyuta yako. Za Factorio zimefungiwa ndani ya Lua, hazifikii mafaili yako. Anayetaka modi nyingi aziwekee uzio, kwa sababu hakuna mchezaji atakayekagua mia moja.

Limebaki la watu, na hapa ndipo nawaogopea. Modi zikishategemeana, waandishi nao wametegemeana. Tarehe 23 Aprili 2015 Valve na Bethesda waliruhusu modi za Skyrim ziuzwe kwa fedha. Mwandishi alipata asilimia 25. Haikuchukua muda likaibuka swali: modi yangu inauzwa, lakini inasimama juu ya kazi ya mwingine aliyeitoa bure, yeye anapata nini? Mojawapo ya modi za kwanza kuuzwa iliondolewa kwa mgogoro wa aina hiyohiyo. Tarehe 27 Aprili mpango wote ukafutwa. Siku nne! Waliozoea kuazimana bila kuulizana walijikuta ghafla wanadaiana. Ukitaka kuingiza fedha, kwanza ujue nani amesimama juu ya bega la nani.

Na ninyi wenye gemu, masasisho yenu pia yanagombana na modi. Timu ya Fallout: London, modi kubwa ya gemu ya Fallout 4, ilikuwa imetangaza Aprili 23, 2024 kuwa siku ya kutoa kazi yao ya miaka. Sasisho kubwa la Fallout 4 likapangwa siku mbili baadaye, nao wakalazimika kuahirisha. Wakatoka Julai, wakiwaelekeza wachezaji kurudi kwenye toleo la zamani. Simlaumu mtu kwa kurekebisha gemu yake. Ila mwachieni mchezaji njia ya kubaki kwenye toleo alilonalo, kama wanavyofanya RimWorld na Factorio. Ni kitu cha kubofya mara moja.

Najua wengi hapa ni timu za watu wawili watatu, na mtaniambia hamna uwezo wa kujenga yote haya. Sawa. Raundi za kupakia zinaweza kusubiri, dirisha la makosa linaweza kusubiri. Majina hayasubiri. Kabla hamjauza nakala ya kwanza, kila kitu ndani ya gemu yenu kiwe na jina lenye mwenyewe, hata kama modi hamjaiona bado, kwa sababu mchezaji akishahifadhi dunia yake kwa namba, namba hizo mtazibeba kwa miaka.

Naona mikono imeshanyooka. Tuanze na dada pale mbele.